Kwa Hodan, Kuhusu Waya Nilioutia Mfukoni

Hodan, aabo,

Mwalimu wetu wa Kiswahili wa darasa la sita, kabla sijamkimbia, alitufundisha kwamba barua huanza kwa salamu nyingi kama mchanga. Mchanga wa Garissa unaujua, umeutafuna kwenye wali tangu uote meno, kwa hivyo salamu hizo hesabu umezipata. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali nakijua mdomoni tu, kalamu yangu haikijui, na Kizungu changu kinaishia kwenye majina ya vipuri. Utakuta nimekosea ngeli. Cheka kama ulivyozoea kunicheka. Ila cheka mapema, hapa hapa juu, maana huko mbele sidhani utataka.

Na huko skuli wakishangaa baba gani anamwita binti yake aabo, waambie ndivyo sisi huku tunavyowaita watoto wetu, kwa jina lile lile wanalotuitia. Waambie pia baba yako ndiye fundi bora wa AC kutoka Mto Tana mpaka Mandera. Hilo ni kweli hata kama mengine yote niliyowahi kukuambia utayatilia shaka leo.

Sasa ni baada ya alasiri. Wewe umekwenda na eeddo yako, huyu dada yangu, kuaga majirani. Mimi nimejifungia ndani ya gereji, kwenye kiti cha nyuma cha lile gari lisilo na injini, karatasi nimeiweka juu ya kifuniko cha rejeta. Mteja mmoja amegonga mara mbili. Mara ya kwanza nimemwambia naswali. Mara ya pili ameuliza, "Fundi Barafu, hiyo ni alasiri au tarawehe?" Nimemwambia aje kesho saa nne. Basi lako litakuwa limeshavuka daraja.

Mambo ya sabuni na kufuli ya sanduku siandiki. Eeddo yako ameyasema wiki nzima, hata mbuzi wetu sasa wanajua jinsi ya kukaa bweni. Mimi nina jambo moja, na sitaliandika vizuri.

Unakumbuka ile siku tulipopata barua kwamba skuli iliyokuita iko Mombasa? Eeddo alipiga vigelegele, mimi nikatangazia mtaa mzima kwamba akili umezitoa kwangu. Jioni tukakaa na chai, nikajikaza, nikasema, "Hodan, Mombasa yuko hooyo yako." Ukaweka kikombe chini. Ukasema, "Najua. Sitakwenda kwake. Likizo nitarudi kwako. Yeye ni mama na alinitupa, wewe hukunitupa." Kisha ukaniangalia kama mtoto aliyeleta zawadi, akingoja baba aifungue.

Sikuifungua. Nilisema chai imepoa, nikaondoka. Zimepita wiki tatu sasa. Wewe hukutupwa, aabo. Nitakueleza kilichotokea, kwa mpangilio, kama unavyotaka magari yaelezwe.

Ulikuwa na miaka sita. Mimi nilikuwa na ishirini na saba na kichwa kama ngoma. Nilikuwa na gereji yangu, mke mzuri kuliko wa mtu yeyote, na jina. Watu walikuwa wanakuja kutoka Habaswein na Modogashe na magari yanayopuliza joto, wanaondoka wamefunga vioo. Nilikuwa nasema sihitaji geji ya kupimia presha ya gesi. Nilisema geji ni ya mafundi wenye masikio mabovu. Mimi naweka sikio kwenye bomba, AC yenyewe inaniambia ugonjwa wake. Watu walicheka, na mimi nilipenda kicheko chao kuliko nilivyopenda kazi.

Siku moja abti yako Bashir, mjomba wako, alileta gari. Humkumbuki vizuri, uliwahi kumkojolea shati. Yeye na hooyo yako ni watoto wa ndugu, amelelewa nyumba moja naye, mikononi mwa ayeeyo yako, mama mzazi wa hooyo yako. Alikuwa dereva wa mfanyabiashara wa ng'ombe, Land Cruiser nyeupe, na aliipenda ile gari mpaka akawa anaifuta vumbi kwa kanzu yake. Ugonjwa ulikuwa huu: baridi inakuja dakika mbili, inakata. Inakuja tena, inakata. Klachi ya kompresa inasema tik, halafu tik, kama mtu anayetaka kusema neno akalimeza.

Wewe hapo ulipo umeshajua mambo mawili yanayoweza kuwa. Ama sensa ya presha, kile kidude cha shaba kilichokaa juu ya bomba, kimekufa na kinakata umeme bila sababu. Au kile kidude ni kizima, gesi ndiyo inavuja, na kinakata kwa sababu kazi yake ni kukata. Mafuta ya kompresa yanasafiri ndani ya gesi. Gesi ikipungua na kompresa ikaendelea kuzunguka, itasaga chuma kwa chuma. Namna ya kujua ni ipi kati ya hizo mbili ni kufunga geji na kusoma presha. Dakika tano.

Geji ilikuwa imening'inia ukutani, hatua nne kutoka nilipokuwa nimesimama. Lakini palikuwa na watu. Mmoja akasema, "Barafu, leo inakushinda?" Nikaweka sikio kwenye bomba. Nikafumba macho, nikawafanyia sarakasi yote. Nikasema, "Sensa ni mwongo." Nikachomoa waya mbili za sensa, nikachukua kipande cha waya mwekundu, urefu wa kidole, nikaziunganisha moja kwa moja. Kila fundi huku anaijua hiyo dawa, tunaiita kupiga direkti. Klachi ikasema tik moja tu, ikashika. Baridi ikaja, mpaka kioo cha ndani kikafanya ukungu. Watu wakapiga makofi.

Bashir akaniuliza, "Umebadilisha sensa?"

"Nimeweka mpya," nikasema.

Kwa nini nilisema hivyo hata leo sijui. Nilikuwa nimepanga kweli kununua nyingine gari la Nairobi likija. Ilikuwa uongo wa siku tatu tu.

Siku ya tano ukaja ujumbe kwamba ayeeyo yako ni mgonjwa Habaswein, kifua kimembana, na dawa za pale hazikumsaidia. Bashir akamwomba tajiri wake gari, akapewa. Tukaenda watatu, yeye, mimi na hooyo yako. Wewe tukakuacha kwa eeddo. Asubuhi yake tukamlaza ayeeyo kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwa hooyo yako, tukageuza kuelekea hospitali ya Garissa. Ilikuwa jilaal, ule ukame ambao hata ngamia walikuwa wanaegemeana.

Bashir akawasha AC. Ayeeyo hakuwahi kukaa ndani ya baridi maishani. Akanyoosha mkono kwenye tundu la upepo, akauliza, "Huyu mkwe wangu amefunga upepo wa wapi humu?"

Nikasema, "Wa Meru, hooyo. Nimeuiba, usiwaambie."

Akacheka mpaka akakohoa. Sahra, hooyo yako, naye akacheka. Nakuandikia hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndiyo mara ya mwisho nilimsikia hooyo yako akicheka kwa jambo langu.

Tulipita Modogashe. Mbele kidogo nikasikia sauti. Sauti hiyo naijua kama ninavyoijua adhana. Kompresa kavu inalia kama jino kwenye changarawe. Bashir naye akaisikia. Akasema, "Shemeji, nini hiyo?"

Nikasema, "Jiwe limeruka. Endesha."

Akaendesha. Ikalia tena. Akasema, "Nizime baridi?"

Hapo, Hodan. Kidole chake kilikuwa kwenye swichi. Ningesema neno moja, zima, tungefika Garissa na joto letu na vumbi letu, kama watu wote. Lakini nikizima, ataniuliza kwa nini. Nikasema, "Usizime. Mama anaifurahia."

Haikufika dakika kumi. Kompresa ilikwama, mkanda wake ukakatika, na ulivyokatika ukajipiga kwenye mkanda wa feni ukaung'oa pia. Harufu ya mpira ulioungua ikajaa ndani. Bashir akasimamisha gari pembeni, mimi nikawa wa kwanza kufika kwenye boneti. Sikutazama mkanda kwanza. Sikutazama rejeta. Mkono wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye ule waya mwekundu, ukauchomoa, ukautia mfukoni, kabla Bashir hajazunguka gari. Wala sikuuagiza. Ulijua njia wenyewe.

Mkanda wa akiba haukuwepo. Bashir alipasua garbasaar ya hooyo yako, ile shuka yake ya kujitanda, akaisokota kama kamba, akaifunga mahali pa mkanda. Ilivuta kilomita mbili, ikakatika. Akaisokota tena, ikavuta moja. Maji tuliyokuwa nayo ni dumu moja. Ayeeyo anataka kunywa, rejeta nayo inachemka. Bashir aliniangalia, mimi nikaangalia barabara. Sahra ndiye aliyeamua, akalikumbatia dumu, akasema, "Gari likae." Tukakaa. Lori la ng'ombe lilipita jua likielekea kuzama. Tulimpandisha ayeeyo mbele kwa dereva, hooyo yako amembeba. Alifariki kabla hatujaona taa za Garissa.

Huenda angefariki hata kama tungefika mchana. Hakuna daktari aliyeniambia vinginevyo. Hiyo "huenda" nimeibeba miaka minane, nailalia upande huu, nageuka nailalia upande wa pili. Siku nyingine inanitosha. Siku nyingi haitoshi.

Baada ya maziko, mwenye gari alituita dukani kwake, na wazee wawili wapo. Hakuwa mkali. Aliuliza tu, "Gari limekufaje?" Wote wakanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayejua magari. Nikasema dereva aliona sindano ya joto inapanda akaendelea kuendesha, injini ikachemka, mikanda ikakatika.

Hodan, nilisema kwa sauti nzuri kabisa. Nilieleza na mikono.

Bashir hakubisha. Ndilo linaloniua. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka ndoto, akasema polepole, "Fundi ndiye anayejua." Aliniamini. Aliamini kwamba ni yeye aliyemuua mwanamke aliyemlea. Alirudisha ufunguo siku hiyo hiyo, akaenda Tarbaj kuchunga ngamia wa watu, na hakushika usukani tena.

Wiki chache baadaye hooyo yako alikuwa anafua. Akaja gerejini na maji bado yanamdondoka viwikoni, akafungua kiganja. Ule waya. Umeungua ncha moja.

"Hiki ni nini?" akauliza.

"Waya. Fundi ana waya mfukoni, ulitaka awe na mayai?"

Hakucheka. Alikuwa ameshinda gerejini miaka saba, akiniletea chai, na macho anayo. Alisema, "Suruali hii ni ya siku ile. Sijaigusa tangu siku ile." Kisha akasema, "Ulipiga direkti."

Sikutoa mzaha mwingine, na kwangu mimi, unavyonijua, huko ni kukiri.

Akasema, "Nenda Tarbaj umwambie Bashir. Gari si kitu, na kufa kwa mama ni kazi ya Mungu. Lakini Bashir anadhani ni yeye. Nenda umwambie."

Nikamjibu, "Sahra, waya hautamfufua mtu."

"Sikukuuliza kuhusu aliyekufa."

Alinipa mpaka Ijumaa. Ijumaa ikapita, akanipa nyingine. Kila Ijumaa nilikuwa na gari la mtu la kumaliza. Hakunipigia kelele, hakumwambia mtu. Ijumaa ya nne alifunga nguo zake na zako kwenye shuka moja. Nikazitoa zako. Nikaita wazee wa upande wangu, nikawaambia mke wangu anaondoka bila sababu, na mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Wakamuuliza, "Sahra, kuna sababu?" Alikuwa nayo ya kunivua nguo mbele ya watu wote. Akaniangalia mimi, akawajibu wazee, "Sababu anayo yeye. Atasema mwenyewe." Akatoka. Alidhani ni jambo la siku chache. Mpaka leo hajamwambia mtu, na najua hata wewe hatakuambia, hata ukimtukana usoni. Angekuambia yeye, mimi ningekuwa mwoga kama kawaida yangu nikamwachia kazi hiyo.

Kwa hivyo wewe ulikaa na hadithi yangu. Kwamba hooyo aliona Garissa ni vumbi, akataka bahari. Nilikuwa naisimulia vizuri, naweka na mizaha. Lile gauni la kijani la Idi, ulilolivaa mpaka likawa blauzi, nililojisifu mbele ya eeddo yako kwamba nimelichagua kwa macho yangu, lilitoka kwake. Viatu vya darasa la tatu pia. Na ile kamusi.

Wewe ulipoanza kuja gerejini uliniuliza kwa nini ni marufuku kuunganisha waya moja kwa moja hapa kwetu, wakati mafundi wote wanafanya. Nilikuambia ni sheria ya Wajapani. Uliamini mpaka ukafika darasa la saba. Nilikupiga vidole kila ulipotaka kubahatisha kabla ya kufunga geji, ukasema, "Aabo, wewe mbona mkali kwa AC tu?" Na mwaka jana, lile gari la shirika la misaada, baridi inaanza vizuri, nusu saa upepo unafifia, na mafundi wawili wameshaongeza gesi bure. Wewe ulilala chini ya dashibodi, ukatoka na vumbi puani, ukasema, "Ndani kumeganda barafu. Sensa ya huku haijui kuwa kuna baridi." Nikasema thibitisha. Ukaitoa, ukaichovya kwenye maji ya baridi, ukapima na mita, sindano haikusogea. Ukaichovya kwenye chai yangu ya moto, haikusogea. Ukasema, "Hii ndiyo imekufa. Haisemi chochote." Dereva alikupigia saluti. Mimi nilijisifu wiki nzima, lakini siku ile niliingia chooni nikakaa huko, kwa sababu nilichokuwa nimekataa kukifanya mbele ya watu nikiwa mwanamume mwenye ndevu, mtoto wa miaka kumi na tatu alikifanya kwa kikombe cha chai.

Sasa nikueleze la Tarbaj. Ile safari niliyosema nafuata vipuri Wajir, sikufuata vipuri. Nilianza na mwenye gari. Nilimkuta mahali pa chai, mzee sasa, nikamweleza mbele ya wote waliokuwepo. Alizungusha kikombe muda mrefu. Akasema, "Gari lile niliuza zamani. Bashir alikuwa dereva mzuri." Akageuza uso, akaanza mazungumzo na mtu mwingine. Tangu siku hiyo wateja wawili wamehamisha magari yao. Wana haki.

Kisha nikapanda lori mpaka Tarbaj. Bashir nilimkuta kisimani, ananywesha ngamia. Amekonda, ndevu zimeingia mvi kabla yangu, na sisi ni rika. Alinisalimu vizuri, akaniuliza habari zako. Nikamwambia pale pale, nimesimama kwenye matope. Sensa, waya, mfuko, yote. Hakuacha kuchota maji. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu.

"Nilikuuliza nizime baridi?"

"Uliniuliza."

"Na wewe ukasema nisizime."

"Nilisema usizime."

Akaweka ndoo chini. "Basi nilikumbuka sawa," akasema.

Miaka minane, Hodan. Alikuwa anakumbuka sawa, na kwa sababu mimi ni fundi alidhani kichwa chake ndicho kibovu. Alikaa ukingoni mwa kisima akafunika uso kwa shuka. Ngamia wakaanza kugombana, nikachukua ile ndoo nikaanza kuwanywesha mimi, vibaya, mmoja akanitemea. Baadaye alikuja akaninyang'anya ndoo. Hakunisamehe wala hakunilaani. Alisema, "Mwambie Hodan. Mimi nimeshasikia." Nikalala kwa watu wengine, kwake hakunikaribisha.

Nilirudi nikitaka kukuambia kwa mdomo. Nilijaribu Jumatatu, ukaniletea ripoti ya skuli niitie sahihi. Nilijaribu jana, ukaniimbia wimbo. Mdomo wangu umezoea kuchekesha, aabo, ukifunguka mbele yako unatoka mzaha hata nikiukamata. Ndiyo maana naandika. Barua hii eeddo ataishona ndani ya mfuko wako, na nimemwambia akuambie uifungue basi likishavuka Tana. Ukiisoma hapa utanitazama, na mimi nitaanza kueleza na mikono.

Sina wosia mrefu. Huko utakosea, tena mbele ya watu, na wewe una ulimi wangu, nimeuona. Mkono wako utataka kukimbilia mfukoni kabla hujafikiri. Siku hiyo sema siku hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka. Kosa langu la kwanza lilikuwa la dakika tano, na lingeisha kwa kicheko cha watu wanne gerejini. Niliogopa kuchekwa, mimi ninayechekesha Garissa nzima.

Usinitetee kwa hooyo yako. Na usimchukie mtu kwa ajili yangu tena, hata kwa mapenzi. Nimekula mapenzi hayo miaka minane nikijua si halali. Likizo ya Aprili utachagua mwenyewe pa kwenda. Ukija, gereji ipo. Usipokuja, sitauliza wala kutuma watu. Hilo naliandika kwa mkono mzito, lakini naliandika.

Jumamosi nilimpigia hooyo yako simu kutoka posta. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Alipojua ni mimi, hakuniuliza lolote kunihusu. Aliuliza, "Amekuwa na urefu gani?" Nikasema umenifika begani, na ukivaa vile viatu vya skuli unanifika sikioni. Nikasikia watu wa Mombasa wakipita nyuma yake, na pikipiki, na mtoto wa mtu akilia. Akasema, "Nitakuwa stendi tangu asubuhi." Nikamwambia basi linafika jioni. Akasema, "Najua linafika lini."

Bado moja, na hii ndiyo iliyokuwa inanizuia kushika kalamu. Baada ya kuondoka kwake ulikuwa unakaa juu ya dumu la maji mlangoni kila honi ya basi ikilia. Ulikaa hivyo tangu mvua zikosekane mpaka zikaja. Nilikuwa nakubeba nakuingiza ndani, nakuambia haji, acha kungoja. Alikuja. Alikuja mara mbili, kwa basi lile lile ulilokuwa unalisikiliza. Nilikuwa nimepata habari kabla, na mara zote mbili nilikupeleka Bura kwa mifugo ya eeddo yako, nikakuambia tunakwenda kuona ndama wa ngamia. Wewe ulimkumbatia ndama shingoni, na hooyo yako alikaa kwenye dumu lako mlangoni mpaka basi la kurudi likapiga honi. Eeddo ndiye aliyeniambia alivyokaa. Hakugusa chai.

Jioni utakaposhuka kutakuwa na watu wengi, na huenda usimjue kwa uso. Yeye hatathubutu kukuita. Nilimfundisha mimi kwamba hana haki hiyo. Atasimama tu.

Usimpite.

Baba yako,
Garissa